Nyumba Kuukuu na Uwanja Wake
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Ninyi mlioketi darasani pamoja na mwalimu wenu, wekeni kalamu chini kwanza. Sasa tusikilize, kuandika kutafuata mwishoni.

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri habari za wafalme, za vita, na za wasafiri waliovuka bahari. Hiyo ni historia, hakuna ubishi. Lakini iko historia nyingine iliyo karibu nasi zaidi, maana tunalala juu yake kila usiku. Ni historia ya nyumba, na ya ardhi iliyo chini ya nyumba.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza vitumbua katika mji wa pwani. Miaka mingi amepanga chumba kimoja pamoja na watoto wake. Ameweka akiba kidogo kidogo. Siku moja dalali anamwambia, "Mama, iko nyumba inauzwa, tena bei yake nafuu." Mama anakwenda kuitazama. Ni nyumba kuukuu. Bati lina kutu, ukuta wa udongo umebomoka upande mmoja, na mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Lakini nyuma ya nyumba kuna uwanja mkubwa. Kuna mwembe, kuna minazi mitatu, kuna kisima cha zamani, na nafasi ya kujenga vyumba vingine vinne. Bei yake haifiki nusu ya bei ya nyumba mpya. Mama amekwisha kuona moyoni mahali pa jiko lake, mahali pa kuanika nguo, na mahali atakapojenga mwanawe akioa.

Sasa nawauliza. Fedha ya mama yule itanunua nini hasa? Itanunua nyumba? Itanunua uwanja? Au vyote viwili? Msijibu upesi. Watu wa pwani yetu wamelijibu swali hili kwa namna mbalimbali kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, na wengine jibu lao limewagharimu sana.

NYUMBA YENYEWE

Kwanza tuitazame nyumba. Katika miji yetu ya pwani, na hata bara katika miji kama Tabora na Ujiji, iko namna ya nyumba ambayo watu huiita nyumba ya Kiswahili. Mbele ina baraza, mahali pa kukaa na wageni na kuzungumza na wapita njia. Ukiingia mlangoni unakuta ukumbi mrefu unaopita katikati, toka mbele hata nyuma. Kwa kawaida kuna vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Mlango wa nyuma hukutoa uani, nako ndiko kwenye jiko, choo, mahali pa kuogea, na pengine kisima.

Zamani nyumba hii ilijengwa kwa miti na fito zilizofungwa kwa kamba. Boriti nzuri zilitoka katika mikoko, kama ile ya Rufiji. Kisha ukuta ulikandikwa udongo, ukapakwa chokaa, na paa likaezekwa makuti. Baadaye bati likashika mahali pa makuti, na saruji ikashika mahali pa chokaa.

Msifikiri kwamba uwanja wa nyuma ni nafasi iliyosalia tu baada ya kujenga. Uani ni sehemu ya nyumba. Huko wanawake hupika na kutwanga, watoto hucheza wakitazamwa, na watu hukusanyika siku ya arusi na siku ya matanga. Tena uwanja ni akiba. Mtu wa kipato kidogo alijenga nyumba ya mbele kwanza, akakaa chumba kimoja, akapangisha vingine. Alipopata fedha kidogo alijenga banda la uani, akapangisha na hilo. Kwa njia hiyo wajane wengi na wazee wasio na kazi wamepata chakula chao cha kila siku.

Sasa shikeni neno hili, maana somo lote linalitegemea. Makuti huoza baada ya miaka michache. Miti huliwa na mchwa. Udongo hubomoka mvua za masika zikiwa kali. Nyumba huzeeka na kufa, lakini uwanja haufi. Kwa hiyo swali la mwenye nyumba ni dogo. Swali kubwa ni hili: mwenye uwanja ni nani?

MWENYE NYUMBA NA MWENYE ARDHI

Katika pwani yetu mambo haya mawili hayakuwa lazima yaende pamoja. Hata miti ilikuwa hivyo. Mtu aliweza kuwa na minazi katika ardhi ya mtu mwingine, akaiuza au akaiweka rehani, na ardhi isihusike. Aliyenunua minazi kumi alipata minazi kumi, basi. Mchanga uliobaki chini yake ulikuwa na mwenyewe.

Nyumba nazo zilifuata njia hiyo hiyo. Tuutazame mji wa Unguja. Upande wa pili wa Mji Mkongwe uko mtaa mkubwa wa Ng'ambo. Waliojenga huko walikuwa zaidi watu wa kawaida: wachukuzi, mafundi, wavuvi, na watu waliotoka utumwani pamoja na wazao wao. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi. Nyumba zilikuwa mali yao. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mali ya matajiri, na nyingine ilikuwa wakfu. Mwenye nyumba alilipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja.

Kodi hiyo ilipozidi kuwa nzito, watu wa Ng'ambo waliona kwamba nyumba walizojenga kwa jasho lao zimegeuka kuwa kamba shingoni mwao. Asiyelipa aliweza kuambiwa aondoe nyumba yake. Nyumba ya udongo utaiondoaje? Utaichukua begani? Basi mwaka wa 1928 waligoma, wakakataa kulipa kodi ya ardhi. Ulikuwa mgomo mkubwa, na serikali ya wakati ule ililazimika kuingia kati. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa kuwa mali ya serikali, na shauri la mwenye kiwanja na mwenye nyumba likachukua sura nyingine.

Tuvuke sasa tuende Mombasa, maana pwani hii ni moja. Mwaka wa 1908 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya kuandikisha ardhi katika ukanda wa pwani. Kila aliyesema ana ardhi alitakiwa alete madai yake na ushahidi. Waliojua kusoma, na waliokuwa na karatasi na mawakili, walileta madai wakapata hati. Wengi wengine hawakuleta. Labda hawakusikia habari hizo, au hawakuwa na karatasi, au hawakuamini kwamba ardhi ya babu zao inahitaji karatasi ya mtu. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni.

Katika mitaa kama Majengo watu walijenga nyumba za Kiswahili juu ya viwanja vya wenye hati, wakawa wanalipa kodi ya ardhi. Mpaka leo Mombasa ziko nyumba za namna hiyo. Mtu anaweza kuiuza nyumba, kuirithisha na kuipangisha, na huku ardhi ni ya mwingine. Watu huziita nyumba zisizo na ardhi. Jina hilo, ndugu zangu, ni la ajabu, lakini ni la kweli kabisa.

(Mwalimu asimame hapa kidogo. Awaulize wanakisomo: Je, katika mtaa au kijiji chenu, yuko mtu mwenye nyumba au miti juu ya ardhi isiyo yake? Alipataje ruhusa?)

KARIAKOO

Turudi Tanzania Bara, Dar es Salaam. Mji ule ulianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Wajeremani waliufanya makao makuu yao mwaka wa 1891. Mwaka wa 1895 walitoa sheria iliyosema kwamba ardhi yote ya koloni ni mali ya dola yao, isipokuwa pale ambapo mtu, au jumbe, au jamii ya watu wataweza kuthibitisha kwamba ni yao. Angalieni tena neno lile lile: kuthibitisha. Mwenye karatasi alisikilizwa haraka, na mwenye kumbukumbu tu alipata taabu.

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Wajeremani ilinunua shamba moja kubwa magharibi ya mji, ili Waafrika wakae huko mbali na mitaa ya Wazungu. Vita vikaja. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na mahali pale wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo.

Baada ya vita viwanja vilipangwa kwa safu zilizonyoka. Mwafrika alipewa kiwanja, akalipa ada kwa serikali, akajenga nyumba yake mwenyewe. Mwaka wa 1923 Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi. Ilisema kwamba ardhi ya Tanganyika ni ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, naye mtu hupewa haki ya kuikalia kwa muda. Muda mrefu kabisa ulikuwa miaka 99. Lakini Waafrika wengi wa mjini hawakupata miaka hiyo. Haki yao ilikuwa ya muda mfupi, nao walijenga nyumba za kudumu kwa roho ya wasiwasi.

BAADA YA UHURU

Mwalimu Julius Nyerere aliandika mwaka wa 1958 juu ya ardhi katika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa. Alikataa kwamba ardhi iwe bidhaa ya kuuzwa kama nguo dukani. Hofu yake ilikuwa kwamba wachache wenye fedha wataimaliza ardhi yote, na wenyeji watakuwa wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru fikra hiyo iliingia katika sheria. Mwaka 1963 milki za ardhi zisizo na mwisho zilifutwa, zikafanywa za kukodi kwa serikali kwa muda. Mwaka 1969 nazo hizo zikageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi.

Na nyumba kuukuu je? Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Wakati ule wakubwa wengi waliona kwamba nyumba ya udongo ni aibu ya mji. Nyumba nyingi za zamani, hasa Magomeni, zilivunjwa na mpya zikajengwa mahali pake. Nia ilikuwa njema, lakini hesabu haikukubali. Nyumba mpya iligharimu fedha nyingi, na idadi ya nyumba haikuongezeka sana, kwa sababu kila mpya ilikaa mahali pa iliyovunjwa. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 mpango ulibadilishwa. Viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili watu wajijengee wenyewe. Na Manzese, badala ya kuvunja kila kitu, serikali ilipeleka barabara na maji.

Mwaka wa 1971 ilitungwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa, yaani zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba ya udongo yenye bati haikufikia thamani hiyo. Unyonge wake ndio uliokuwa salama yake.

Sasa tumefika mahali pa kuchekesha kidogo. Kwa miaka mingi sheria ilisema kwamba ardhi tupu haina bei. Mtu aliweza kuuza tu alichoongeza juu yake: nyumba, kisima, miti. Watu wakafanyaje? Walipouziana waliandika, "Nimeuza nyumba moja na miembe miwili." Ukienda kuitazama nyumba hiyo, unakuta kuta mbili na paa lililoanguka. Bei yake ni kubwa kupita nyumba nzima ya mtaa wa pili! Kila mtu alijua kwamba mnunuzi hakununua zile kuta. Alinunua uwanja. Nyumba kuukuu ilikuwa kama kanga ya kuifunika bei ya ardhi.

Hali hiyo ilibadilika kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Sheria hiyo inasema kwamba ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, nayo imo mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Lakini inakubali wazi kwamba ardhi ina thamani, na thamani hiyo sharti ihesabiwe. Basi kanga imefunuliwa.

Matokeo yake mnayaona Kariakoo. Nyumba nyingi za Kiswahili zimekwisha ondoka, na maghorofa yamesimama juu ya nyua zao. Baadhi ya wenye nyumba waliuza moja kwa moja. Wengine walifanya mapatano na tajiri ajenge, nao wapate sehemu ya jengo. Mwenye kujua thamani ya uwanja wake aliweza kudai haki yake. Asiyejua aliuza uwanja kwa bei ya udongo uliobomoka.

TUMRUDIE MAMA

Mama wa vitumbua tulimwacha uani, chini ya mwembe. Ameridhika na bei. Muuzaji, mzee wa makamo, ameleta karatasi imekwisha andikwa. Dalali anamharakisha: "Tia dole gumba hapa, mama, watu wengine wanaitaka." Lakini mama huyu amekwenda darasa la jioni miezi minane. Anaichukua karatasi, anaisoma polepole, kidole chake kikifuata mstari. Imeandikwa: "Nimemwuzia nyumba yangu yenye vyumba sita." Anasoma tena. Kisha anauliza neno moja tu: "Na uwanja je?"

Muuzaji anatazama chini. Hapo ndipo habari inapotoka. Nyumba aliijenga yeye. Lakini kiwanja ni urithi wa baba yao, na ndugu zake watatu hawajaulizwa. Nusu ya uwanja, upande wa kisima, dada yake anataka kujenga.

Je, mama asinunue? Si lazima aache. Anaweza kungoja ndugu wote waitwe na kukubaliana. Anaweza kununua sehemu, mradi mpaka uwekwe na kuandikwa. Lakini kama angalitia dole gumba siku ile, angalinunua ugomvi wa watu wanne kwa akiba ya maisha yake yote.

MAMBO YA KUULIZA

Basi historia inatufundisha kuuliza maswali matano kabla ya kutoa fedha. Haya ni kwa sheria za Tanzania Bara.

Kwanza: ardhi ni ya nani, na karatasi yake ni ipi? Kiwanja kilichopimwa kina namba yake na namba ya kitalu. Mnunuzi anaweza kuomba upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, aone jina la mwenyewe, na kama kiwanja kimewekwa rehani. Mahali pasipopimwa pengine kuna leseni ya makazi. Kama haipo, ulizeni karatasi za mauziano ya zamani, tena ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa.

Pili: mpaka uko wapi? Uwanja mkubwa ndio wenye ugomvi mkubwa. Tembeeni mpaka wote pamoja na majirani wa pande zote. Tafuteni bikoni. Ua wa minyaa unaweza kusogea mwaka hata mwaka. Bikoni haisogei yenyewe.

Tatu: nani mwingine ana haki? Nyumba kuukuu mara nyingi ni nyumba ya urithi. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Pengine mna wapangaji, pengine mna makaburi uani. Yote yajulikane.

Nne: serikali ina mpango gani na mahali pale? Uwanja ulio wazi pengine uko wazi kwa sababu umo katika hifadhi ya barabara.

Tano: karatasi ya kuuziana inasema nini? Iitaje nyumba, na iutaje uwanja kwa vipimo na majina ya majirani. Sahihi ya mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi mzuri, lakini si hati ya ardhi. Tafuteni mwanasheria, na mauzo yaandikishwe katika ofisi ya ardhi.

Ndugu wasikilizaji, nyumba kuukuu si kitu cha kudharau. Bati hubadilishwa, ukuta hukandikwa upya, na uwanja mzuri hulisha watoto na wajukuu. Watu wa Ng'ambo waligoma kwa ajili ya uwanja. Watu wa Mombasa walipoteza ardhi kwa kukosa karatasi. Nanyi mnajifunza kusoma katika nchi ambayo karatasi ina nguvu. Someni kila neno lililo juu ya karatasi, kisha ulizeni juu ya lile ambalo halikuandikwa. Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI

Kukandika: kujaza ukuta wa miti kwa udongo.
Rehani: mali iliyowekwa kuwa dhamana ya deni.
Wakfu: mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani, isiyouzwa.
Upekuzi: kuchungua kumbukumbu za ardhi katika ofisi ya serikali.
Bikoni: jiwe la kuonyesha mpaka wa kiwanja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini watu wa Ng'ambo waligoma mwaka 1928, na huku nyumba zilikuwa zao?
2. Kabla ya sheria ya mwaka 1999, kwa nini nyumba iliyoanguka iliweza kuuzwa kwa bei kubwa?
3. Mama wa vitumbua aliokolewa na nini?
4. Andikeni mistari mitatu ya karatasi ya kuuziana nyumba, na uwanja uwemo.